Kabla Hujamnunulia Mama Simu ya WhatsApp, Soma Hapa

Jumapili moja usiku mamangu alinipigia kwa simu ya jirani. "Mwanangu, simu yangu imejifunga. Imeandika maneno ya Kizungu na haitaki kutoka hapo."

Dada yangu anafanya kazi Dubai. Mtoto wake analelewa na mama huku nyumbani, Mwingi. Kila Jumapili saa mbili usiku, kwake ikiwa saa tatu, ndio wakati wao wa kuonana kwa video. Jumapili hiyo hakuwapata. Jumatatu pia hakuwapata. Jumanne ndipo tukaelewa: simu ilichukuliwa kwa mpango wa kulipa polepole, siku nne zilikuwa zimepita bila malipo, na muuzaji akaifunga kutoka mbali kama mkataba ulivyosema.

Aliyeichagua simu hiyo ni mimi. Aliyesahau kulipa ni mimi pia. Dukani niliangalia kamera na malipo ya kwanza, basi. Sikujiuliza hata mara moja kama hiyo ndiyo simu inayofaa kwa kazi tuliyoitakia.

Kama wewe pia una mtu wa mbali na unataka simu ya kuongea naye kwa intaneti, haya ndiyo ningependa mtu angeniambia.

Anza na aliye upande wa pili

Kwanza uliza huyo mtu anaruhusiwa kupiga kwa programu gani. Wengi wetu tunadhani WhatsApp inapiga kila mahali. Katika Falme za Kiarabu, ambako Dubai iko, ujumbe wa WhatsApp unapita lakini simu za WhatsApp zimezuiwa. Wakenya wengi walioko huko hutumia BOTIM, ambayo ina kibali. Lakini ili muongee, BOTIM lazima iwe kwenye simu zote mbili, ya Dubai na ya Mwingi.

Ndiyo maana kabambe haitoshi hapa, hata ile yenye intaneti. Simu za KaiOS, zile za vitufe zilizokuwa na WhatsApp, zilipoteza huduma hiyo mwaka 2025. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0 nazo ziliachwa nje. Ukiuziwa simu kuukuu kwa bei ya kutupa, fungua Mipangilio, nenda "Kuhusu simu", usome toleo la Android kabla ya kutoa hata shilingi.

Mtandao wa pale nyumbani

Simu ya intaneti huishi kwa mtandao. Kabla ya kwenda mjini kununua, tembea na simu yoyote ya 4G ndani ya nyumba ya mama: sebuleni, jikoni, chini ya mwembe. Angalia ni laini gani inashika vizuri. Usichague laini kwa sababu wewe unaitumia Nairobi.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawatakuambia. Mitandao yetu hutumia masafa kadhaa ya 4G, na yale ya 800 MHz, yanayoitwa bendi ya 20, hufika mbali vijijini. Baadhi ya simu zilizotengenezewa soko la Marekani hazina bendi hiyo. Kwa hivyo ile simu nzuri aliyokuletea binamu kutoka Texas inaweza kuruka vizuri Nairobi, ikifika kijijini inarudi 3G au inazunguka tu bila kushika.

Kama nyumbani kuna Wi-Fi, kumbuka masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz. Ukiongea ukiwa chumba cha mbali na sauti inakatika, badilisha hapo kwanza kabla ya kulaumu simu.

Ndani ya simu, angalia vitu vinne

*Betri.* Tafuta 5,000 mAh au karibu na hapo. Stima ikipotea Jumapili mchana, jioni mama bado awe na chaji.

*Nafasi.* Chukua RAM ya 3 GB kwenda juu, na hifadhi ya 64 GB kama mfuko unaruhusu. Picha na video za magrupu ya harambee, kanisa na ukoo hujaza simu haraka, kisha programu zinaanza kukwama.

*Sauti.* Mama hatakushukuru kwa kamera tatu kama hasikii. Spika na maikrofoni ndizo zitakazofanya kazi kila wiki.

*Kuita.* Hili lilitusumbua sana. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zilizo nyuma ili kuokoa betri. Matokeo yake dada anapiga, lakini kwa mama simu iko kimya. Ingia kwenye mipangilio ya betri na uiruhusu programu ya kupigia iendelee kufanya kazi nyuma.

Jaribu dukani, usione haya

Nenda na laini yako iliyo na bando. Omba kuiweka kwenye simu, uunganishe programu ya kupigia, kisha umpigie mtu kwa intaneti. Toka nje ya mlango, kando ya barabara yenye kelele, na uongee dakika mbili. Weka spika ya nje. Muulize wa upande wa pili kama anakusikia bila mwangwi. Tuma ujumbe wa sauti na uusikilize. Muuzaji akikataa, maduka ni mengi. Ukimaliza, ondoa akaunti yako kabla ya kurudisha simu.

Kisha bonyeza *#06#. Namba ya IMEI itakayotokea lazima ilingane na iliyo kwenye boksi. Kama ni simu iliyotumika, mwenyewe aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, la sivyo siku utakapoifuta itakudai nywila yake na hutaweza kuendelea.

Wakati wa kulipa, tumia namba ya till ya duka. Ukiambiwa "tuma kwa namba hii ya kawaida tu", simama kidogo na uulize kwa nini. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na utunze ujumbe wa malipo pamoja na risiti.

Piga hesabu ya bei yote

Tuseme simu ni shilingi 12,000 keshi. Kwa mkopo unaambiwa: leta 2,500 leo, kisha 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Hamsini inaonekana kama pesa ya maandazi. Lakini 50 mara siku 365 ni 18,250. Ongeza ile 2,500 na umefika 20,750. Umelipa 8,750 zaidi.

Sisemi usichukue mkopo. Kuna wakati ndiyo njia pekee iliyopo. Ila uliza maswali matatu kabla ya kusaini: jumla ni ngapi, simu itafungwa baada ya siku ngapi bila malipo, na ikifungwa nini kitaendelea kufanya kazi. Kama wewe ndiye unayelipa na mama ndiye mtumiaji, weka kikumbusho, au lipa ya wiki nzima mapema siku ukiwa nayo.

Bando nalo lina mipango

Kwa makadirio, simu ya sauti hula karibu nusu MB kwa dakika, na ya video karibu MB 5. Yaani nusu saa ya sauti ni kama MB 15, na nusu saa ya video ni kama MB 150. WhatsApp ina chaguo la kutumia data kidogo kwa simu, chini ya "Hifadhi na data". Sisi tulikubaliana hivi: dakika kumi za video mtoto amwone mamake, zinazobaki ni sauti tu.

Pia panga saa. Mama wengi huzima data ili bando lisiishe, na data ikizimwa simu ya intaneti haiwezi kuita.

Simu hiyo ni pochi pia

Mtu akipiga kwa intaneti akiwa na picha ya dada yako na kusema yuko shida, tuma pesa haraka, kata simu. Mpigie kwa namba unayoijua, au muulize jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kujua. Ile namba ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp usimpe yeyote, na washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Mama alichagua njia yake mwenyewe. Laini yake ya pesa iko kwenye kabambe, ndani ya leso. Simu kubwa ina laini ya bando tu, kwa sababu WhatsApp ikishasajiliwa haihitaji laini ile ile ikae ndani ya simu. Hata simu kubwa ikipotea au ikifungwa, pesa zake ziko salama.

Simu ya sasa tuliinunua keshi, baada ya kuweka akiba miezi minne. Kamera yake ni ya kawaida sana. Jumapili iliyopita iliita saa mbili kamili, na mtoto ndiye aliyeikimbilia kwanza.

*Kumbuka: hatutawahi kukupigia, iwe kwa laini au kwa intaneti, kukuuliza PIN yako.*