Samaki Hukauka, Pua Haikauki

Ukigeuza sikio la mbwa mmoja upande wa ndani, utakuta herufi na namba zilizochorwa kwa tatuu. Kabla ya kupata mtu wa kumlea, hilo ndilo lilikuwa jina lake. Wengi wa mbwa aina ya Beagle waliotoka Cumberland, jimbo la Virginia nchini Marekani, walikuwa na alama hiyo, maana hawakuzaliwa wafugwe nyumbani. Walizaliwa wauzwe kwenye maabara. Mei 2022 serikali ilipekua kituo cha kampuni ya Envigo kilichowafuga, na Julai mahakama ikaridhia mbwa karibu 4,000 waondolewe na kutafutiwa makao. Mwanzoni mwa Septemba walikuwa wameshasambazwa kwenye vituo vya wanyama sehemu mbalimbali za nchi. Juni 2024 kampuni ilikiri makosa na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 35.

Kesi ikaisha. Kwa waliowachukua mbwa, kazi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Jenga picha ya siku ya kwanza. Mlango wa gari unafunguliwa, mbwa hashuki. Akibebwa na kuwekwa kwenye nyasi, ananyanyua mguu mmoja, kisha mwingine, kama mtu aliyekanyaga mchanga wa ufukweni saa saba mchana. Nyasi hajapata kuzikanyaga. Ngazi haijui. Jokofu likinguruma, anajibanza nyuma ya kochi, mkia katikati ya miguu. Ncha ya mkia wa Beagle ni nyeupe, na nyeupe hiyo humsaidia mwindaji kumwona mbwa wake aliyezama ndani ya majani. Leo ncha hiyo haionekani.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na sayansi imewaunga mkono. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake, wakifanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine, walichapisha matokeo ya jaribio lao juu ya watoto wa mbwa, Beagle wakiwamo. Waliwalea kwenye uwanja wa ekari moja uliozungushiwa uzio mrefu, bila kuguswa na mtu. Wengine walitolewa kwa wiki moja tu wakacheza na binadamu, baadhi wakiwa na wiki 3, wengine 5, wengine 7, kisha wakarudishwa uwanjani. Waliopata wiki hiyo katika umri wa kati walizoea watu kwa urahisi. Ambao hawakuguswa hadi walipotimiza wiki 14 walibaki na woga kama wanyama wa porini. Tangu wakati huo wataalamu huhesabu kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 kuwa dirisha: atakachokutana nacho mbwa humo, atakiona cha kawaida maisha yake yote.

Mbwa wa kituo hulipita dirisha hilo akiwa kwenye kizimba. Watu amewaona, mikono imemshika, ila kapeti, mvua, pikipiki na mtoto anayekimbia hajawahi kukutana navyo. Basi samaki ameshakauka. Je, ndiyo mwisho wa habari?

Hapana, kwa sababu kuna kiungo kimoja ambacho kizimba hakikukifunga. Pua ya mbwa ni mbichi kwa maana halisi kabisa: ina unyevu unaonasa chembe za harufu zinazopita hewani. Binadamu ana vipokezi vya harufu kama milioni 5 au 6. Beagle anahesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 200. Hewa anayoivuta hugawanyika ndani ya pua: nyingi huenda kwenye mapafu, na sehemu ndogo, kama asilimia 12, huelekezwa nyuma kwenye chumba chake maalumu cha kunusia. Akipumua nje, pumzi hupitia kwenye mikato ya pembeni mwa pua, hivyo haipeperushi harufu iliyo mbele yake.

Kwa Beagle, pua hiyo ina historia ya kazi. Uingereza alifugwa kwa ajili ya kumfuata sungura, akitangulia huku mwindaji akija nyuma kwa miguu na kuongozwa na mlio wake mrefu. Alitakiwa aamue mwenyewe njia, asigeuke kuomba ruhusa kila hatua. Anayemwita leo bustanini na kuona hata sikio halitikisiki humwita mkaidi. Mbwa yuko kazini tu.

Marekani wenyewe wameiajiri pua hiyo. Tangu mwaka 1984 Beagle wamekuwa wakikagua mizigo ya abiria kwenye viwanja vya ndege, wakianzia Los Angeles, kutafuta matunda na nyama zinazoweza kuingiza wadudu na magonjwa nchini. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo walitoka kwenye vituo vya mbwa wasio na wenyewe.

Kwa hiyo mafunzo ya mbwa wa maabara huanzia puani. Wiki ya kwanza usimwamuru chochote. Chukua taulo kuukuu, tandaza vipande vidogo vya kuku wa kuchemsha, likunje kama mkeka, liweke sakafuni, kisha kaa mbali na umpe ubavu usimkodolee macho. Mbwa aliyejaa hofu hali. Akianza kufukua taulo wewe ukiwapo chumbani, umeshapiga hatua kubwa. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walilinganisha mbwa waliofanya mazoezi ya kunusa kwa wiki 2 na waliozoezwa kutembea ubavuni mwa mwenye mbwa. Kabla na baada ya mazoezi waliwekewa bakuli mahali pa mashaka, pasipojulikana kama pana chakula au hapana. Waliozoezwa kunusa wakawa wepesi zaidi kulikimbilia kuliko walivyokuwa mwanzo. Kunusa kuliwapa matumaini.

Somo la pili ni alama, yaani ishara ya kumjulisha mnyama kuwa amepatia. Wakazi wa Morogoro wanalijua kupitia panya buku wa shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia husikia mlio mfupi wa kidude, tik, kisha hupewa ndizi. Siri iko kwenye muda. Chakula huchelewa kufika mdomoni, lakini mlio hufika papo hapo, ukamwambia mnyama: hicho ulichofanya sasa hivi ndicho. Kwa Beagle mwoga, hata mlio wa kidude unaweza kumshtua. Neno moja fupi la upole, lisilobadilika, linatosha.

Alama hiyo ndiyo itakayomfundisha choo. Mbwa huzoea tangu utotoni aina ya sakafu anayojisaidia, na huyu amezoea sakafu ngumu ya kizimba; jikoni kwako panamkumbusha nyumbani. Mtoe kila akiamka na kila akimaliza kula, ngoja, na akijisaidia kwenye nyasi mpe alama na kipande papo hapo, si mkisharudi ndani. Akikosea, futa unyamaze. Utafiti uliofanywa Ureno na kuchapishwa mwaka 2020, juu ya mbwa 92, ulionyesha kuwa waliofundishwa kwa kukaripiwa na kuvutwa shingo walikuwa na dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na waliofundishwa hivyo kwa wingi walionyesha matumaini kidogo zaidi mbele ya bakuli la mashaka.

Mambo mawili usiyasahau. Beagle ni mlafi, kwa hiyo vipande vya mafunzo vitoke kwenye posho yake ya siku. Na usimwachie huru mahali pasipo na uzio: akishika harufu hakusikii. Kamba ndefu iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani humpa uhuru wa pua bila kukuachia msiba.

Wahenga hawakukosea. Kuna Beagle atakayeogopa mwavuli hadi uzeeni, na mafunzo hayatamrudisha kwenye wiki yake ya saba. Ila kukunja si njia pekee. Siku moja utamtoa nje asubuhi, umande haujakauka. Atasimama ukingoni mwa nyasi zilezile zilizomshinda, ashushe pua, avute hewa mara tatu upesi upesi, kisha azame ndani mzima mzima. Utakachokiona juu ya majani ni ncha nyeupe ya mkia.