Bei, Thamani na Haki: Maneno ya Mabishano ya Besiboli katika Majira ya Baridi

Mchezo wa besiboli huchezwa Marekani tangu mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili mpaka bingwa apatikane, mwishoni mwa Oktoba au siku za kwanza za Novemba. Baada ya hapo viwanja hufungwa na baridi huingia. Mtu asiyeujua mchezo huu angedhani kwamba wapenzi wake nao hunyamaza hata majira mapya yafike. Sivyo. Miezi hiyo ya baridi ndiyo miezi ya maneno. Klabu hazichezi, lakini huajiri wachezaji, huwaacha wengine, na wengine hubadilishana; na kila jambo likitangazwa wapenzi hugawanyika, huyu akisema klabu yake imepata, yule akisema imepunjwa. Wamarekani wenyewe huyaita mazungumzo hayo ligi ya jiko la moto, kwa kukumbuka zamani ambapo watu walikusanyika mbele ya jiko la dukani, wakaota moto na kubishana.

Madhumuni ya makala haya ni kuyaeleza mabishano hayo, na kuonyesha kwamba yamejengwa juu ya maneno matatu ambayo wabishanao aghalabu huyachanganya, nayo ni bei, thamani na haki. Lugha yetu huyatenga maneno hayo waziwazi, na kwa hiyo yaweza kutusaidia kuona fundo liko wapi. Walakini lugha yetu hiyo hiyo imekwisha kuzoea kuwataja wachezaji kana kwamba ni bidhaa, na jambo hilo, kama tutakavyoona, si dogo.

Kwanza yatupasa kuujua mchezo kwa uchache. Timu ni mbili, kila moja ina watu 9 uwanjani. Mrushaji wa timu moja hurusha mpira, na mpigaji wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga vema hukimbilia kituo cha kwanza, na akiweza, cha pili na cha tatu. Na akivizunguka vyote hata akarudi pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa uwanja, mpigaji huvizunguka vituo vyote bila ya kuzuiwa. Hilo tutaliita pigo kuu. Tena, mrushaji akirusha mipira 4 iliyopotoka, na mpigaji asishawishike kuipiga, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Msomaji alishike hili la mwisho, maana litatufaa mbele.

Klabu za ligi kuu ni 30, na kila moja hucheza michezo 162 kabla ya mashindano ya mwisho. Klabu hupata wachezaji hasa kwa njia tatu: huwalea vijana katika ligi ndogo, hubadilishana wachezaji na klabu nyingine, au huajiri mchezaji huru, yaani yule aliyetimiza miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu na ambaye mkataba wake umekwisha.

Sasa tuanze na bei. Bei ni jambo la wazi, kwa kuwa ni hesabu ya fedha iliyoandikwa katika karatasi. Mwishoni mwa Desemba 1919 klabu ya Boston Red Sox ilikubali kumtoa Babe Ruth kwa New York Yankees kwa dola 100,000, na habari ikatangazwa Januari 1920. Mwaka 1919 Ruth alikuwa amepiga mapigo makuu 29. Mwaka 1920, akiwa New York, alipiga 54. Boston, waliokuwa mabingwa mwaka 1918, hawakuupata ubingwa tena mpaka mwaka 2004. Siku ile bei ilijulikana kwa kila msomaji wa gazeti, lakini thamani hakuna aliyeijua. Ndiyo maana wapenzi wa Boston waliibishania biashara hiyo kwa muda upatao umri wa mtu mzima.

Mfano wa pili ni bora zaidi kwa kazi yetu, kwa sababu haukuwa na fedha ya kuyafunika mambo. Desemba 1965 klabu ya Cincinnati Reds ilimpeleka Frank Robinson kwa Baltimore Orioles, nayo ikapokea wachezaji watatu, mkubwa wao akiwa mrushaji Milt Pappas. Robinson alikuwa na miaka 30, na rais wa klabu ya Cincinnati alijitetea kwa kusema kwamba miaka yake hiyo haikuwa ya ujana tena. Mwaka uliofuata Robinson aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa mapigo makuu, ambayo yalikuwa 49, na kwa kuwaingiza wenzake. Akachaguliwa mchezaji bora, na Baltimore wakawa mabingwa. Hapa ndipo unapoonekana umbo la kila ubishi wa majira ya baridi. Mmoja hushika methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao, akataka mchezaji aliyezoeleka abaki. Mwenziwe humjibu kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Wote wawili wanasema juu ya siku zijazo, na hakuna kati yao azijuaye.

Kwa kuwa siku zijazo hazijulikani, watu wa besiboli wametafuta msaada katika hesabu za siku zilizopita. Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824 na kukulia New York, ndiye aliyesifika kwa kueneza jedwali la magazeti lionyeshalo kila mchezaji alifanya nini. Kwa miaka mingi kipimo kilichoheshimiwa kuliko vyote kilikuwa wastani wa kupiga. Lakini kipimo hicho kina kasoro: mpigaji aliyesubiri kwa subira akapewa kituo bure hapati sifa yoyote humo, ingawa amefika palepale alipofika aliyeupiga mpira.

Kasoro hiyo ilitajwa zamani na watu mbalimbali, lakini aliyewafanya wapenzi wa kawaida waisikilize ni Bill James. Alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya makopo huko Kansas, na mwaka 1977 alichapisha kwa fedha zake kijitabu cha hesabu na hoja. Swali lake lilikuwa jepesi: timu hushinda kwa alama, basi ni matendo gani yanayozaa alama? Ajabu ni kwamba jibu lake linakubaliana na wahenga wetu waliosema haba na haba hujaza kibaba. Anayefika kituoni mara nyingi, hata kwa njia isiyopendeza macho, huijazia timu yake kibaba.

Klabu ya Oakland Athletics ndiyo iliyojulikana kwa kuitumia elimu hiyo sokoni. Baada ya majira ya 2001 mpigaji wao mkuu, Jason Giambi, aliajiriwa na Yankees kwa miaka 7 na dola milioni 120. Oakland hawakuwa na uwezo wa kushindana na fedha hizo. Wakamchukua, miongoni mwa wengine, Scott Hatteberg, mdakaji ambaye mkono wake uliumia asiweze tena kazi yake. Wakamfundisha kusimama kituo cha kwanza, kwa sababu alijua kuiacha mipira iliyopotoka. Mwaka 2002 Oakland walishinda michezo 103, sawasawa na Yankees, na huku mishahara yao yote ikiwa kama theluthi ya ile ya New York. Hata hivyo walitolewa mapema katika mashindano ya mwisho. Na wapenzi bado wanabishana: wengine husema hesabu ndizo zilizoshinda, wengine hukumbusha kwamba Oakland walikuwa pia na warushaji watatu hodari sana, na mpigaji Miguel Tejada aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka ule ule. Mimi naona pande zote mbili zina sehemu ya kweli. Hatteberg peke yake hakushinda michezo 103, bali alionyesha kwamba bei ya sokoni ilikuwa imeisahau thamani moja.

Siku hizi wabishanao wana kipimo kingine, ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita ushindi juu ya mbadala. Maana yake ni hii: tumwondoe mchezaji fulani, tumweke mahali pake mtu wa kawaida apatikanaye kwa urahisi katika ligi ndogo, je, timu ingepoteza michezo mingapi? Hesabu hukisia kwamba alama kama 10 ni sawa na ushindi mmoja. Kipimo hiki kinafaa, kwa sababu huwaweka mpigaji na mdakaji katika mizani moja. Lakini mizani yenyewe si moja. Watu wa takwimu hawahesabu kwa namna moja, hasa juu ya warushaji: wengine huanza na alama ambazo wapinzani walizipata, wengine huanza na yale tu ambayo mrushaji hutenda bila ya kusaidiwa na wenzake. Basi mpenzi asemaye kwamba nambari imekwisha kuamua, amesahau kwamba nambari nayo ilitungwa na mtu aliyechagua cha kuhesabu na cha kuacha.

Hata bei, tuliyosema ni jambo la wazi, siku hizi imekuwa na mafumbo. Desemba 2023 Shohei Ohtani, Mjapani ambaye ni mrushaji na mpigaji kwa pamoja, alikubaliana na Los Angeles Dodgers mkataba wa miaka 10 na dola milioni 700. Lakini milioni 680 katika hizo zimeahirishwa, zilipwe tangu mwaka 2034 mpaka 2043 bila ya riba. Katika hesabu ya kodi ambayo ligi huwatoza wenye mishahara mikubwa, mkataba huo ulihesabiwa kama dola milioni 46 kwa mwaka. Kwa hiyo wawili wakibishana kama Ohtani ni ghali, huenda mmoja anasema 70 na mwingine 46, na kila mmoja akamwona mwenziwe mjinga. Mwaka mmoja baadaye Juan Soto alipokubaliana na New York Mets kwa miaka 15 na dola milioni 765, ubishi ulianza upya: kwa vile fedha zake hazikuahirishwa, ni nani hasa aliyepewa zaidi?

Tumesema juu ya bei na thamani. Limebaki neno la tatu. Kwa karibu miaka 100 mchezaji wa besiboli hakuwa na ruhusa ya kubishana juu ya mahali pake. Tangu mwaka 1879 klabu zilijipatia kanuni ya kumshika mchezaji: mkataba ukiisha, klabu ile ile peke yake ndiyo yenye haki juu yake. Ingeweza kumhamisha bila ya kumwuliza, naye angeweza kukubali au kuacha mchezo.

Oktoba 1969 klabu ya St. Louis Cardinals ilimbadilisha Curt Flood, Mmarekani mweusi aliyeitumikia kwa miaka 12, apelekwe Philadelphia. Flood alikataa. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia mkuu wa besiboli, Bowie Kuhn, kwamba baada ya miaka hiyo yote hajioni kuwa ni mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ya kuulizwa hiari yake. Mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka, na wengi walimcheka: mtu wa fedha nyingi hivyo analalamika nini? Jibu lake lilikuwa kwamba ukubwa wa ujira haubadili hali ya mtu asiyejimiliki. Kesi yake iliposikilizwa mwaka 1970, hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado kazini aliyekuja kumshuhudia. Walikuja wastaafu, miongoni mwao Jackie Robinson. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilimhukumia kushindwa, kwa sauti 5 dhidi ya 3. Yeye hakufaidika, lakini njia ilikuwa imefunguka. Desemba 1975 mwamuzi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliokwisha kupitisha mwaka mzima bila ya kutia sahihi mkataba mpya, ni huru. Mikataba yote mikubwa tuliyoitaja ya Giambi, Ohtani na Soto ni matunda ya uamuzi huo.

Hapa msomaji wa Kiswahili anayo sababu ya kutua. Katika kurasa za michezo za lugha yetu, mchezaji wa mpira wa miguu husemwa kwamba ameuzwa au amenunuliwa, na hakuna anayeshtuka. Lakini katika pwani hii kuuzwa kwa mtu si mfano wa maneno tu; soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na neno huru lilimtaja, pamoja na maana zake nyingine, mtu aliyetolewa utumwani. Tunapomwita Messersmith mchezaji huru, neno letu linabeba kisa chote cha Flood bila ya kuongezwa chochote. Bali tunaposema Ruth aliuzwa, twatamka kwa wepesi jambo lile lile ambalo Flood alilipa kazi yake ili alikanushe.

Kwa hiyo napendekeza kwamba tuseme mkataba wa mchezaji umehawilishwa, au klabu zimebadilishana mikataba, na mchezaji mwenyewe tumtaje kuwa amehama au amehamishwa, kwa kadiri ya hiari yake. Tofauti ya vitenzi hivi viwili, mmoja wa mtu atendaye na mmoja wa mtu atendwaye, ndiyo tofauti ya kabla na baada ya mwaka 1975. Bei tuiache kwa mkataba. Thamani tuitumie kwa kazi ya mchezaji uwanjani, nayo itabishaniwa daima kila baridi iingiapo. Mtu mwenyewe asiwekewe neno lolote kati ya hayo. Wajuzi wenye maneno bora kuliko haya, hasa wale wanaotangaza na kuandika habari za michezo, wanaombwa wayalete, ili istilahi zetu zikue kwa mashauri ya wengi.