Pikipiki ya kooperative: anayejifunza anaruhusiwa nini barabarani?



Tangu vikundi vyetu vya upande wa Kasenga, Kipushi na Kambove vianze kununua pikipiki, swali moja linarudi karibu mu kila mkutano. Kijana wetu anajifunza kuendesha, permi bado hana, lakini mbolea imefika na mvua imeshaanza. Anaweza kuibeba? Mimi ni agronome, si polisi wala avoka. Lakini mbolea ikichelewa ni mahindi yanayoumia, na hapo kazi yangu inaingia. Kwa hiyo nimesoma sheria, na ninawaeleza vile ninavyoielewa.

Jibu fupi ni hapana, hawezi. Jibu refu linahitaji maelezo, sababu wengi wanafikiri hiyo hapana ni maneno tu ya rulaji ya kutafuta feza.

Sheria inayotuongoza ni Kodi ya Barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka mmoja mbele yake, 1977, nchi yetu ilikuwa imeingia mu Mkataba wa Vienne wa 1968 juu ya kutembea barabarani. Mkataba huo unasema wazi kwamba kila muendeshaji wa chombo cha motere lazima awe na permi, na permi zinagawanywa kwa makundi. Kundi A ni la pikipiki, kundi B ni la gari dogo. Kwa hiyo papa mwenye permi ya gari asijidanganye kwamba nayo inamtosha juu ya pikipiki. Kwetu permi inatolewa na CONADEP. Karatasi ya auto-ekole inaonyesha tu kwamba umefuata masomo. Vijana wengi wanaitembeza mu mfuko kana kwamba ni permi yenyewe, na wanashangaa wakisimamishwa.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa vijijini hawalipendi. Wanasema: «Sisi hatufiki mjini, tunatembea tu mu njia ya shamba.» Lakini kwa Mkataba wa Vienne, barabara ni njia yoyote iliyo wazi kwa watu wote kupita. Lami haihesabiwi. Njia ya vumbi kutoka depo ya kikundi mpaka kijiji, ambamo ba mama wanapita na makala, watoto wanaenda masomo na baiskeli zinavuka, ni barabara. Uwanja wa mpira uliofungwa, au kiwanja cha depo chenye lupango, hapo ni habari nyingine. Hapo njo mahali pa kujifunzia.

Wengine wanafanya namna gani?

Tuangalie kidogo nje, sababu kuna nchi ambazo zimepanga mipaka ya mwanafunzi wa pikipiki hatua kwa hatua, na mipango yao inatufundisha kwa nini mipaka hiyo iko.

Uingereza ni mfano mzuri. Zamani mwanafunzi kule alipanda pikipiki ya nguvu yoyote. Mwaka 1961 wakamwekea mpaka wa sentimita kyubi 250, halafu mu 1983 wakaushusha mpaka 125. Tangu mwisho wa 1990, mwanafunzi hawezi hata kugusa barabara kama hajafanya kwanza mafunzo ya lazima mbele ya mwalimu anayetambulika. Akimaliza anapata karatasi ya miaka 2. Kwa karatasi hiyo anaweza kutembea peke yake, lakini na pikipiki isiyopita 125 na yenye nguvu isiyopita kilowati 11, bila kupakiza mtu, bila kuingia mu barabara kubwa za mwendo wa kasi, na herufi L nyekundu mbele na nyuma. Miaka 2 ikiisha bila kupita ekzame, anarudia mafunzo.

Na wanamkamata namna gani anayevunja? Kwanza ile L inamwonyesha kwa kila mtu. Polisi akiona L na abiria nyuma, haihitaji kuuliza karatasi, kosa liko mbele ya macho. Halafu kuna pointi zinazoandikwa kwenye permi. Hata baada ya kupita ekzame, akifikisha pointi 6 mu miaka 2 ya kwanza, permi inaondolewa na anarudi kuwa mwanafunzi. Faini mtu anaweza kuilipa na kusahau. Kuanza upya hakusahauliki.

Karibu zaidi na sisi, Kenya (ninasema Kenya ya Nairobi, si komini yetu ya Kenya!) imegawa permi ya pikipiki kwa tatu. A1 ni ya vipikipiki vidogo vya mpaka 50, kuanzia miaka 16. A2 ni ya pikipiki ya kawaida, kuanzia miaka 18. A3 ni ya wanaobeba abiria au vifurushi kwa kulipwa, na ya magurudumu matatu, kuanzia miaka 21. Tanzania nayo imeweka pikipiki za magurudumu matatu au manne mu kundi lake, A2, mbali na zile za magurudumu mawili. Ninayataja hayo kwa ajili ya vikundi vinavyofikiri kununua ya magurudumu matatu: kuijua pikipiki ya kawaida si kuijua hiyo. Ya tatu hailali mu kona, inapinduka.

Kwa nini mzigo unakatazwa kwa anayejifunza?

Hapa mnisamehe nikae kidogo, sababu ni hapa vijana wananibishia zaidi. Wanasema: «Gunia halisemi, halisumbui kama abiria.» Kweli halisemi. Lakini linavuta.

Fungua kitabu kilichokuja na pikipiki yenu na tafuta mzigo unaoruhusiwa. Kwa pikipiki nyingi za 125 tunazozitumia hapa, jumla haipiti kilo 150 hivi, na muendeshaji anahesabiwa ndani. Kijana wa kilo 65 akipakia mifuko miwili ya ure, kila mmoja kilo 50, amefika 165. Tena mifuko haikai katikati, inakaa nyuma, mara nyingi nyuma ya mhimili wa gurudumu la mwisho. Hapo gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Na gurudumu la mbele njo linaloongoza, njo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki. Mwenye mazoezi anasikia mikononi kwamba mbele kunaelea, anapunguza mwendo. Mwanafunzi hasikii, sababu hajui bado mbele kunatakiwa kuwa kuzito namna gani.

Ongezea hesabu ya mwendo. Kwa kilometa 40 kwa saa, pikipiki inakula metre 11 kila sekonde. Mbuzi akitoka mu majani, muendeshaji wa kawaida anatumia karibu sekonde moja kabla mkono haujabana breki. Ile metre 11 imekwisha kupita na breki bado. Mwanafunzi anayetafuta kwanza kwa macho breki iko wapi, ongeza metre nyingine 11. Fikiria hiyo mu vumbi la kiangazi, nyuma ya lori la kopa kwenye njia ya Kasumbalesa.

Hapa kwetu

Tuseme ukweli: kwetu ukaguzi unaangalia zaidi karatasi kuliko uendeshaji. Rulaji wanasimama kwenye ron-pwe na kwenye milango ya mji, wanauliza plaki, permi, asiransi, vinyeti, kaski. Mwanafunzi hana alama inayomtofautisha na mwingine machoni pa watu wa njiani, kwa hiyo anatembea kama mjuzi mpaka siku ya kizuizi. Siku hiyo, au pikipiki inapelekwa kufungwa, au kunaanza mazungumzo ya «madesu ya bana». Sisi tunaolima maharagi tunajua bei yake, lakini yale ya barabarani hayana resi, na kesho kwenye kizuizi kingine yanaombwa tena. Faini ya kweli inalipwa kwa serikali na inatoa karatasi. Kama huna karatasi mkononi, hukulipa faini, ulitoa tu.

Pia mjue kwamba wakubwa wa mji wamekwisha kutoa amri za kuzuia pikipiki kuingia katikati ya Lubumbashi au kutembea usiku, na amri hizo zinabadilika. Mbele ya kutuma mtu na mboga asubuhi sana, ulizeni kwanza kwenye komini.

Lakini pikipiki kufungwa si ndiyo hasara kubwa. Hata hivyo tuihesabu. Mwezi wa 11 ikifungwa wiki mbili, NPK inakaa depo wakati watu wanapanda. Mahindi yanayopandwa bila mbolea ya kuanzia hayangoji. Mizizi inatafuta fosfori tangu siku za kwanza, na ukiiweka baadaye juu ya udongo haishuki vizuri. Wanachama wote wanalipa kosa la safari moja.

Hasara kubwa ni mtu akigongwa. Kodi yetu ya sivile, kitabu cha tatu, inayotoka kwenye dekre ya tarehe 30 Julai 1888, inasema mu artikle 258 kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake analipa. Artikle 260 inaenda mbali zaidi: unalipa pia kwa ajili ya watu uliowatuma kazi. Kijana akibeba mbolea ya kikundi, kwa pikipiki ya kikundi, ametumwa na nani? Familia ya aliyegongwa itakuja kwa presida na keshia, si kwa kijana asiye na kitu.

Na asiransi? Ni lazima tangu ordonansi-lwa namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, na tangu sheria ya 2015 SONAS haiko peke yake tena, mnaweza kulinganisha bei. Lakini someni ukurasa wa mambo ambayo kampuni hailipi. Muendeshaji asiye na permi halali mara nyingi yuko palepale, juu kabisa. Mnalipa asiransi mwaka mzima, halafu siku ya shida jina la muendeshaji linaifuta.

Ninavyoshauri

Chagueni waendeshaji wawili, si mmoja, na muwapeleke kujifunza kiangazi, kati ya mwezi wa 5 na wa 9, wakati pikipiki haina kazi nyingi. Feza ya auto-ekole na ya permi muiweke mu bajeti ya pikipiki yenyewe, pamoja na plaki na kaski mbili. Kikundi kinachosema hakina feza ya permi, kwa maoni yangu, hakijawa na feza ya pikipiki.

Mu prose-verbali ya mkutano andikeni nani anaruhusiwa kushika ufunguo. Mtoto wa presida asiyekuwa kwenye karatasi haruhusiwi, hata akiwa anaendesha vizuri kuliko wote.

Mu kiwanja, mwanafunzi aanze bila mzigo mpaka aweze kusimama mahali mlipoweka jiwe, mara kumi mfululizo. Halafu mpeni mfuko wa mchanga wa kilo 25, halafu wa 50, bado mu kiwanja. Mzigo ufungwe mbele iwezekanavyo, karibu na mgongo wake, kwa kamba za mpira mbili zinazopishana. Mikono yote miwili kwenye usukani. Mkataba wa Vienne unalidai hilo kwa kila mwenye pikipiki, isipokuwa wakati wa kutoa ishara. Simu ingoje.

Wakati huo wote, mbolea ibebwe na mwenye permi. Kama hayupo, kodisheni kwa siku moja mtu mwenye karatasi kamili, na muombe kuziona mbele ya kupakia. Kwa vikundi vya upande wa Sakania: Zambia wanatembea kushoto. Permi ya kwetu mkononi haitoshi, mtu aliyemaliza kujifunza juzi asivushwe Kasumbalesa na mzigo mu mwezi wake wa kwanza.