Lubutu: mvua inapoamua kama ndege itatua

Kule Lubutu, jimbo la Maniema, mvua haina haraka ya kwenda. Mji uko karibu kabisa na ikweta, katikati ya pori, na karibu kila mwezi maji yanashuka. Wakaaji wanajua matokeo yake kwenye barabara inayotoka Kisangani kwenda Walikale: lori likilala katika potopoto, bei ya chumvi na sabuni inapanda sokoni. Pale barabara inapokatika, inabaki ndege. Lakini ndege nayo inaomba ardhi inayokauka.

Sehemu hii inakumbuka jambo hilo vizuri. Mwisho wa 1996 na mwanzo wa 1997, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 100,000 walipiga kambi Tingi-Tingi, kilomita chache kutoka Lubutu. Barabara yenyewe iligeuka kiwanja cha ndege. Misaada ilishuka hapo, na mwezi wa pili 1997 alifika hapo Sadako Ogata, aliyekuwa mkuu wa HCR. Maisha ya watu wengi yalitegemea kipande kimoja cha barabara.

Maji ya mvua kwenye kiwanja ni mengi kuliko mtu anavyofikiri. Tuchukue kiwanja kidogo cha mita 1,000 kwa mita 20. Mvua ya milimita 50, ambayo inaweza kunyesha kwa muda wa saa chache, inaleta hapo litri milioni moja. Hizo ni bidoni 50,000 za litri 20. Zote zinatafuta njia ya kutoka, na zisipoipewa zinaichimba zenyewe.

Ndiyo sababu kiwanja kizuri hakilali sawasawa kama meza. Katikati kinainuka kama mgongo, ili maji yateremke pande mbili. Kanuni za kimataifa zinaomba mteremko usiopungua asilimia 1, na usiozidi asilimia 1.5 kwa viwanja vya ndege kubwa au 2 kwa vile vya ndege ndogo. Pembeni inapita mitaro inayopeleka maji mbali. Mtaro ukiziba kwa majani na udongo, maji yanarudi. Kwenye lami, gurudumu linaelea juu ya maji na breki haishiki. Kwenye udongo, gurudumu linazama.

Hata wenye viwanja vya baridi kali wanapigana na maji. Kule Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini, kiwanja cha Longyearbyen kilifunguliwa 1975 juu ya ardhi iliyoganda kwa barafu. Ardhi ya namna hiyo hainywi maji. Theluji ya miezi mingi ikiyeyuka, maji yanakimbia juu, na yakisimama pembeni yanapasha ardhi moto, barafu ya chini inalainika, na kiwanja kinabonyea. Huko Greenland, kwenye kambi ya jeshi la Marekani iliyoitwa Thule, uwanja ulipakwa rangi nyeupe ili usivute joto la jua.

Nchi za baridi zina shida nyingine: dawa ya kuondoa barafu kwenye mabawa. Mvua ikiisukuma mtoni, vijidudu vinaila na kumaliza hewa ndani ya maji, samaki wanakufa. Lubutu haihitaji dawa hiyo, lakini mafuta ya ndege yanayomwagika kutoka kwenye pipa yanafuata njia ileile, hadi kwenye kijito ambapo mama anachota maji.

Kazi kubwa ya kulinda kiwanja haihitaji mashine za ajabu. Inahitaji jembe, kupima mteremko, kufungua mitaro kabla ya mvua kubwa, kujaza mashimo yangali madogo, na kuweka mapipa ya mafuta mbali na njia ya maji. Mtaro mmoja uliosahauliwa unaweza kurudisha ndege angani, pamoja na dawa ambazo mgonjwa anazingoja.