Bibi Hajifanyi: Kwa Nini Baridi Yabisi Hukaza Viungo Alfajiri

Kipupwe kikianza, maswali ya wasomaji kuhusu viungo huongezeka, na moja hujirudia kila mara. Mama, au bibi, alfajiri hawezi kujifunga kanga wala kushika kikombe cha chai, lakini ikifika saa tano anamenya viazi huku akipiga soga na majirani. Nyumbani wameanza kunong'ona kwamba anajifanya ili adekezwe.

Hajifanyi. Ikiwa viungo vya vidole na vifundo vya mikono vimevimba pande zote mbili, vina joto, na ukakamavu wa asubuhi unachukua saa nzima au zaidi kuisha, yaelekea ana ile baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia utando wa ndani wa kiungo. Goti lililosagika kwa umri nalo hukaza asubuhi, ila kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. "Ni uzee tu" si jibu. Ugonjwa huu huweza kuanza hata baada ya miaka 60, na una dawa.

Siri ya alfajiri iko kwenye saa ya mwili. Usiku chembe za kinga humwaga kemikali za kuchochea uvimbe. Mojawapo ni interleukini-6, ambayo kwa wagonjwa hawa hupanda usiku wa manane na kufika kileleni alfajiri. Breki ya uvimbe huo ni kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, nayo huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, kisha hupanda hadi mtu anapoamka. Kwa mtu mwenye afya breki hiyo inatosha. Kwa mgonjwa kotisoli hupanda, lakini haifui dafu mbele ya uvimbe mkubwa kiasi hicho. Isitoshe, amelala bila kujisogeza, maji yamejikusanya kwenye utando uliovimba, na hayaondoki mpaka viungo vianze kufanya kazi. Ndiyo maana mkono ulioshindwa kikombe saa 12 asubuhi unaweza kushika kisu saa 5.

Maji ya baridi hayaleti ugonjwa huu. Maumivu yanaweza kuzidi siku za baridi, lakini hakuna mwanamke aliyeupata kwa kufua au kuosha vyombo, na binti asilaumiwe kwamba alimwachia mama yake kazi za maji.

Halafu bamia. Nimechoka kusikia kwamba "ute umeisha kwenye magoti" na kwamba bamia zitaurudisha. Ute wa kiungo hutengenezwa na utando wa kiungo chenyewe. Ule wa bamia unaishia tumboni, haufiki gotini hata ule sufuria nzima. Tena kwa mwenye baridi yabisi, kiungo kilichovimba kimejaa majimaji kupita kiasi, mepesi kuliko kawaida. Ale bamia kwa sababu ni mboga nzuri.

Ninaokasirishwa nao hasa ni wauzaji wa chupa na vidonge visivyo na jina, vinavyoitwa mitishamba na vinavyomwinua mzee kitandani ndani ya siku mbili. Mwinuko huo wa ghafla una historia yake: Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma kotizoni, ndugu wa ile kotisoli ya mwilini, mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa huu, na baada ya siku chache akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Wakati huo huo madhara yalikwishaanza kuonekana: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, sukari na presha kupanda. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta dawa za jamii hiyo, kama deksamethasoni na prednisoloni, zimechanganywa kwa siri kwenye dawa zinazouzwa kuwa za asili. Daktari huzitumia kwa kipimo anachokijua. Muuzaji wa stendi hajui hata mteja wake ana kisukari.

Kwa anayemtunza mzee: madaktari bingwa wa viungo ni wachache kwetu, kwa hiyo anzeni na daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa. Kliniki na shughuli ziwekwe saa nne kuendelea, na asubuhi apate maji ya moto ya kulowekea mikono. Msimnyang'anye kazi zote, viungo vinahitaji kusogezwa. Diklofenaki za dukani zinaweza kumdhuru figo na tumbo, hasa akiwa na presha. Akipata homa, msisubiri kesho, maana dawa nyingi za ugonjwa huu hupunguza kinga.

Akiandikiwa methotreksati, mojawapo ya dawa hizo, mjue kwamba humezwa mara moja kwa wiki na huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku. Andikeni siku hiyo kwenye boksi kwa herufi kubwa, na mtu mmoja tu nyumbani awe na jukumu la kumpa.

Na kama amekuwa akitumia ile chupa ya siku mbili, msimkatishe ghafla. Tezi zake huenda zimeacha kutengeneza kotisoli ya kutosha, na kukatishwa ghafla kunaweza kumwua. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenyewe, na mumweleze daktari kila kitu bila kuona haya.