KONSULA NI WA NANI?

Wengi kati yetu wana jamaa ngambo ya Ruzizi, na kuvuka mupaka kwenda Kamembe ni jambo la kila siku. Lakini mutu akikamatwa kule, nani atajua? Hapo kazi ya konsula inaanza.

Watu wanachanganya balozi na konsula. Balozi anasema na Serikali kwa jina la Serikali yake. Konsula ni wa watu: anatoa paspoti, anaandika watoto waliozaliwa ugenini, anatembelea wafungwa wa inchi yake. Sheria yake ni Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963. Kifungu cha 36 kinasema: mugeni akifungwa, wakubwa waliomufunga wanapaswa kumwambia bila kukawia kwamba ana haki konsula wake ajulishwe. Kuchagua ni kwake, maana wengine hawapendi Serikali yao ijue. Lakini kumwambia ni lazima.

Inchi yetu yenyewe ilishitakiwa juu ya kifungu hicho. Ahmadou Sadio Diallo, mutu wa Guinea, alikaa Kongo tangu mwaka 1964 akifanya biashara. Kampuni zake zilidai feza nyingi kwa Leta na kwa makampuni ya mafuta. Tarehe 5 Novemba 1995 akakamatwa. Alikaa kifungoni siku 66, akaachiliwa, akakamatwa tena, na tarehe 31 Januari 1996 akafukuzwa. Karatasi yake iliandikwa kwamba amekataliwa kuingia. Kuingia, nyuma ya miaka zaidi ya 30!

Guinea ikashitaki mwaka 1998 kwenye Tribinali ya Mataifa, La Haye. Kongo ikajitetea kwamba Diallo aliambiwa haki yake kwa mudomo, tena kwamba balozi wa Guinea alikwisha kujua. Tarehe 30 Novemba 2010 Tribinali ikakataa. Ushuhuda wa maneno yale ya mudomo haukuonekana; na kama ambasade ilisikia kwa njia ingine, hiyo haimuondolei mukamataji lazima yake.

Mwaka 2012, juu ya kifungo na kufukuzwa, Tribinali ikaagiza Kongo ilipe dola 95.000, na kuzilipa kwa Guinea, maana pale inchi inashitaki inchi, si mutu.

Rwanda nayo imekubali Mapatano hayo. Kwa hiyo Mukongomani aliyekamatwa Kamembe na Munyarwanda aliyekamatwa hapa Bukavu, haki yao ni moja. Maneno ya kusema ni mafupi: «Naomba mujulishe konsula wangu.»