Mtoto Anataka Kujifunza Judo au Karate: Tutazame Nini, na Tununue Nini Kwanza?

 

Tumepokea swali la mama mmoja anayeishi Tongoni, kusini ya mji wa Tanga kwenye njia ya Pangani, mwenye jamaa zake Pemba. Mwanawe wa miaka 12 anataka kwenda mjini kujifunza judo, na mdogo wake wa kike ameshasema naye habaki nyumbani. Baba yao yuko dago. Mama amepewa orodha ya vitu vya kununua, na akiba aliyonayo ni ya sare na madaftari ya skuli. Anauliza: mchezo huu unajuzu? Na kama unajuzu, aanze na kipi?

Kwa kuwa wazazi wengi wa visiwani wana swali hilihili, tumeona tulijibu kwa urefu kidogo.

Michezo hii imetoka wapi?

Judo iliasisiwa na Mjapani Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882. Ni mchezo wa kukamatana nguo, kuangushana na kubanana chini; hakuna ngumi wala teke. Karate asili yake ni visiwa vya Okinawa, na Gichin Funakoshi aliionyesha Tokyo mwaka 1922. Hiyo ndiyo yenye ngumi na mateke. Kwetu si mambo mageni. Karate ilianza kufundishwa Dar es Salaam miaka ya 1970, na Unguja vijana wamefundishwa judo na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia huko mwaka 1987.

Hukumu yake

Asili ya michezo ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Imepokewa na Abu Dawud kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana akamwangusha. Na katika Sahihi Muslim tunafunzwa kwamba muumini mwenye nguvu hupendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, ingawa dhaifu naye ana kheri yake. Lakini yapo mambo manne ambayo mzazi ayaulize kabla ya kutoa hata shilingi moja.

La kwanza ni kuinama. Katika michezo hii mwanafunzi humwinamia mwalimu na mwenzake, wakati mwengine kwa kupiga magoti, na baadhi ya kumbi huwa na picha ya mwasisi ukutani ambayo nayo huinamiwa. Rukuu na sijda ni za Mwenyezi Mungu peke yake. Tirmidhi amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliulizwa kama mtu amwinamie nduguye wanapokutana, akakataza, na akaruhusu kupeana mikono. Basi mzazi azungumze na mwalimu mapema, kwa adabu, kwamba mtoto atatoa salamu na mkono badala ya kuinama. Mwalimu akikataa katakata, tafuteni pengine.

La pili ni uso. Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Kwa anayekwenda karate, ulizeni vipi wanafundishwa kuzuia pigo lisifike usoni.

La tatu ni mchanganyiko. Judo ni kushikana mwili kwa mwili. Mvulana ashindane na wavulana, na msichana awe na wasichana wenziwe, mbele ya mwalimu wa kike.

La nne ni sala. Mazoezi mengi huwa jioni. Ratiba inayomlia mtoto Magharibi yake na chuo chake haina baraka.

Sasa vifaa

Hapa tunamwambia mama wa Tongoni: ile akiba ya skuli usiiguse. Kinachonunuliwa kwanza na watu wengi ndicho kinachofaa kununuliwa mwisho. Wiki za mwanzo za judo mtoto hufundishwa kuanguka bila ya kuumia: kukunja kidevu ili kisogo kisipige chini, na kupiga mkono sakafuni. Kwa hayo, suruali ndefu na fulana nzito isiyo na vifungo wala zipu yatosha. Muombeni mwalimu muda wa mwezi mmoja au miwili. Watoto wengi huacha ndani ya muda huo, na nguo ikabaki sandukuni.

Akiendelea, zingatieni haya:

1. Nguo ya judo na ya karate si moja. Koti la judo hufumwa nene kwa sababu hukamatwa na kuvutwa. La karate ni jepesi, na likipelekwa kwenye judo litachanika.

2. Ni pamba, hivyo hurudi ikifuliwa. Chukueni kubwa kidogo, mfue kwa maji baridi, na fundi cherehani apinde mikono na miguu kwa ndani bila ya kukata, ili ifumuliwe mtoto anapokua.

3. Mkanda wa mwanzo ni mweupe. Rangi nyengine hupatikana kwa kufaulu, hazinunuliwi.

4. Glavu na kinga za meno na ugoko ni za karate, tena mtoto anapofikia kupambana. Judo haihitaji.

5. Makucha yakatwe, pete na hereni zivuliwe, na miguu ioshwe. Ndala za kuvaa hadi ukingoni mwa mkeka ni lazima, kwani mkekani huingiwa miguu mitupu.

Jambo kubwa kuliko nguo ni sakafu. Mkeka wa kawaida juu ya saruji haufai kuangushiana. Nendeni mkaguse wenyewe.

Na binti?

Suruali na koti hufunika, na kwa ndani wanawake huvaa fulana. Mtandio uwe wa kuvutika, usio na pini. Shirikisho la Karate Duniani liliruhusu hijabu mwaka 2013, na katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 Feryal Abdelaziz wa Misri alishinda dhahabu ya karate akiwa amejisitiri kichwa. Asiambiwe kuwa haiwezekani. Lakini kama hakuna darasa la wasichana, asubiri, au wazazi wakusanyane waliombe.

Mwisho, tuwakumbushe watoto wetu lile alilotufunza Mtume (S.A.W.): nguvu ya kweli si kuwaangusha watu, bali ni kujizuia wakati wa hasira. Mtoto akirudi na kumtisha mdogo wake kwa alichojifunza, koti lisimamishwe msumarini mpaka atengenee.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.